Maisha ya Kardinali Lavigerie, Aliyewalisha Watoto wa Njaa

Jina la Kardinali Lavigerie si geni masikioni mwa Wakristo wa Buhigwe, wala wa Kasulu na Kibondo. Wazee wetu walilisikia kwa makatekista wa kwanza, nasi tumeiona picha yake katika nyumba za mapadri: mtu mwenye mwili mkubwa, ndevu ndefu nyeupe, macho makali, na msalaba kifuani. Wengi wajua kwamba ndiye aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadri Weupe, waliofika Ujiji mwaka 1879. Lakini ni wachache wajuao kwamba shirika lile halikuanza kwa mahubiri, wala kwa kujenga makanisa. Lilianza kwa chakula walichogawiwa watoto waliokuwa wakifa njaa.

Katika kitabu hiki cha jubilei tumeona vema kuyasimulia maisha yake kwa upande huo, kwa sababu jambo lenyewe li karibu nasi. Ada iliondolewa katika shule za msingi na sekondari za serikali hata kidato cha nne tangu Januari 2016, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita nao wakafutiwa. Lakini daftari, sare, na zaidi ya vyote chakula cha mchana, vyategemea mikono ya wazazi na ya majirani wema. Mwalimu wa milima yetu amjua mtoto asinziaye saa nne ya asubuhi, wala si kwa uvivu. Wako kina mama na vijana katika jumuiya zetu wajitoao kukusanya maharagwe, mahindi na unga wa muhogo, na kuteka maji, na kutafuta kuni, wasilipwe kitu. Watu hao hukutana na maswali mawili. La kwanza ndilo hili: debe moja la maharagwe lafaa nini mbele ya njaa kubwa? La pili ni gumu zaidi: mtoto uliyemlisha na kumsomesha, je, amekuwa wako? Kardinali Lavigerie aliyakabili yote mawili. Kwa maoni yetu lile la kwanza alilijibu vizuri sana. Lile la pili lilimsumbua miaka mingi, na wanawe walililipia kwa damu katika pwani ya ziwa letu.

Charles Martial Allemand Lavigerie alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1825, karibu na mji wa Bayonne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, si mbali na mpaka wa Hispania. Baba yake alikuwa mtu wa forodha. Wazazi wake walikuwa watu wema, lakini hawakuwa watu wa sala nyingi. Imani yake ya kwanza mtoto aliipokea kwa wanawake wawili waliokuwa watumishi wa nyumba. Twalitaja jambo hili makusudi. Mtu aliyekuja kuzungumza na Mapapa na wafalme alifundishwa kusali na watu waliofagia na kupika.

Alisoma seminari Paris, akapewa upadri mwaka 1849, na mwaka 1854 akawekwa kufundisha historia ya Kanisa katika chuo kikuu cha Sorbonne. Alikuwa na akili nyepesi, naye alisifiwa. Lakini maisha ya vitabu peke yake hayakumtosha. Mwaka 1857 akakabidhiwa uongozi wa chama kilichosaidia shule za Kikristo katika nchi za Mashariki, yaani Lebanoni, Shamu na nchi jirani. Chama kile kilikuwa kimezaliwa juzi tu, wala hakikuwa na mali. Basi yule mwalimu wa Sorbonne akafunga safari, mji hata mji, akipanda mimbari za watu wengine, akiomba fedha kwa ajili ya watoto asiowajua yeye wala wale aliowaomba. Hapo ndipo alipojifunza kazi ya kuomba. Nayo ni kazi kweli. Yeyote aliyepata kuzunguka kijiji na daftari la michango aijua aibu yake, na ajua jinsi mguu unavyokuwa mzito mbele ya mlango wa tatu baada ya kukataliwa katika miwili.

Mwaka 1860 vita vikali vilitokea katika Lebanoni kati ya Wadruzi na Wakristo, kisha Wakristo wengi wakauawa katika mji wa Dameski. Watoto yatima na wajane walijaa njiani. Padri Lavigerie akakusanya sadaka Ufaransa nzima, wala hakutosheka kuzituma, bali alikwenda mwenyewe kuzigawa: chakula, mavazi, na makao ya yatima. Katika Dameski alikutana na Amiri Abd el-Kader. Mtu huyu alikuwa Mwislamu wa Aljeria, aliyepigana na Wafaransa miaka kumi na mitano kabla hawajamshinda na kumhamisha. Hata hivyo siku za mauaji aliwaokoa maelfu ya Wakristo na kuwahifadhi kwake. Lavigerie, Mfaransa na padri, akaenda kumpa heshima. Tungependa msomaji aikumbuke siku hiyo, maana baadaye twataona mambo magumu kati ya Lavigerie na watu wa nchi ya Abd el-Kader.

Mwaka 1863 alifanywa Askofu wa Nancy, akiwa na umri wa miaka 37. Kiti kile kilikuwa kimekaliwa zamani na Askofu Forbin-Janson, ambaye mwaka 1843 alianzisha chama cha Utoto Mtakatifu, ambamo watoto hutoa vijisenti vyao kwa ajili ya watoto wenzao. Watoto wetu wa Utoto Mtakatifu, wavaapo sare zao Jumapili na kupitisha kikapu, wafanya kazi iliyoanzwa na askofu wa mji huo. Huko Nancy Lavigerie alishughulika na elimu ya mapadri na ya walimu. Angaliweza kukaa pale hata uzee wake, akawa askofu wa jimbo kubwa zaidi la Ufaransa. Lakini mwishoni mwa mwaka 1866 liwali wa Aljeria, Jemadari MacMahon, alimwandikia kumtaka akubali kiti cha Algiers, naye akakubali. Mwezi wa Mei 1867 akashuka pwani ya Afrika.

Aljeria ilikuwa imetekwa na Wafaransa tangu mwaka 1830, na wenyeji walikuwa wamechoka. Nzige walikuwa wamekula mashamba mwaka 1866. Januari 1867 tetemeko la nchi lilibomoa vijiji. Kisha mvua ikakosekana, na kipindupindu kikaingia. Lakini twakosea tukisema kwamba ukame peke yake ndio uliowaua watu. Zamani makabila ya nchi ile yaliweka nafaka katika mashimo ya chini ya ardhi, kama Waha walivyoweka katika vihenge, ili mwaka mbaya usiwakute mikono mitupu. Chini ya utawala mpya kodi zilidaiwa kwa fedha, ardhi nyingine ilichukuliwa na walowezi, na wafanyabiashara walinunua nafaka wakati wa mavuno kwa bei ndogo. Mashimo yakawa matupu kabla ya njaa kufika. Ilipofika, ikawaua watu kwa mamia ya maelfu katika muda wa miezi michache ya mwaka 1867 na 1868.

Waandishi wa maisha yake wasimulia kwamba siku moja ya Novemba 1867 mtoto wa kiume wa miaka kama kumi alifika nyumbani kwa Askofu, amekonda, macho yamezama. Wazazi wake walikuwa wamekufa. Askofu akampokea. Habari ikaenea kwamba iko nyumba isiyomfukuza mtoto, na kesho yake wakaja wengine, na kesho kutwa wengine tena. Mapadri na masista nao wakaanza kutoka njiani kuwaokota. Wengine walikutwa wamelala kando ya maiti za mama zao. Kabla njaa haijaisha, watoto wapatao 1,800 walikuwa wamepokewa.

Fikiri, msomaji, maana ya idadi hiyo. Si watoto wa shule watakaorudi kwao jioni. Kila mmoja alihitaji kula mara mbili au tatu kwa siku, na nguo, na mahali pa kulala, na wengi wao walikuwa wagonjwa. Askofu hakuwa na akiba. Washauri wake waliomwonea huruma walimwambia achukue wachache kwa kadiri ya mali yake. Yeye akafuata njia nyingine: aliwachukua wote waliokuja, ndipo akaanza kuomba. Aliandika barua kwa maaskofu na magazeti ya Ufaransa, akaeleza aliyoyaona bila kuficha, na hapa akakutana na chuki, kwa kuwa serikali ya Aljeria ilikuwa haijapenda habari za njaa zijulikane. Fedha zikaanza kuja. Matajiri walitoa, lakini sehemu kubwa ilikuwa sadaka ndogo ndogo za parokia, za wajane, za watumishi, na za watoto wa shule. Ndilo jibu la swali letu la kwanza. Lavigerie hakulidharau toleo dogo, kwa kuwa alijua hesabu yake: mtoto hali mara moja akashiba mwaka mzima, hula kidogo kila siku, basi afaa kusaidiwa na watu watoao kidogo kila siku.

Tena fedha haipiki wala haioshi vidonda. Hapo twawakumbuka watu ambao majina yao hayamo katika vitabu vingi. Masista na mabruda waliwapokea watoto katika nyumba za Ben Aknoun, Kouba, Saint-Eugène na penginepo pembeni mwa Algiers. Homa kali ya matumbo na ya chawa ikaingia katika nyumba hizo. Mamia ya watoto walikufa hata baada ya kupata chakula, maana mwili uliodhoofika mno hauponi upesi kwa kula. Walimu waliopata kuona utapiamlo walijua hili. Na baadhi ya waliowauguza waliambukizwa wakafa pamoja nao. Hakuna aliyewalazimisha kwenda.

Ndipo shirika likazaliwa. Mwanzoni mwa mwaka 1868 mkuu wa seminari ya Kouba, Padri Girard, alimletea Askofu vijana watatu wa seminari waliotaka kujitoa kwa ajili ya Waafrika. Mwezi wa Oktoba mwaka huo nyumba ya malezi ikafunguliwa. Kwa kuwa wangeishi na watoto wale na jamaa zao, Askofu akawapa vazi la watu wa nchi, kanzu nyeupe na joho, na rozari shingoni. Watu wetu walipowaita Mapadri Weupe waliitazama kanzu ile. Wachache walijua kwamba ilishonwa kwanza kwa ajili ya walezi wa mayatima. Mwaka 1869 wakaja kutoka Bretagne wasichana 8, wengi wao wakulima, nao wakawa mwanzo wa Masista Weupe. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kulima pamoja na wasichana yatima, jembe mkononi, juani.

Sasa tufike kwenye swali la pili. Njaa ilipopungua, mwaka 1868, Jemadari MacMahon, yule yule aliyemwalika Lavigerie, alitaka watoto warudishwe kwa makabila yao. Alisema kwamba Askofu aitumia njaa ili awageuze Waislamu kuwa Wakristo, na kwamba jambo hili litaleta fitina. Lavigerie alikataa kwa nguvu. Alijiona kuwa baba wa watoto ambao baba zao wamekufa, na aliona kuwa kuwarudisha mahali palipokuwa bado na njaa ni kuwaua. Ugomvi wao ukafika mbele ya Kaisari Napoleon wa Tatu, na mwishowe Askofu akaachiwa nyumba zake.

Nani alikuwa na haki? Sisi tu wana wa kazi ya Lavigerie, na mwana huona vigumu kumhukumu baba. Hata hivyo jubilei si siku ya kuficha. Kuhusu chakula, haki ilikuwa yake yote: aliyemwokota mtoto njiani hakuwa na wajibu wa kuomba ruhusa kwanza. Lakini ndugu wa watoto wale, mjomba au shangazi aliyebaki hai, walikuwa na neno la kusema, na katika ugomvi ule wa wakubwa wawili Wafaransa neno lao lilisikika kidogo sana. Tena Lavigerie alikuwa mwepesi wa hasira. Aliwaamuru watu kama jemadari, na mara nyingi aliona kumpinga yeye ni kumpinga Mungu. Wale waliofanya kazi naye walimpenda na kumwogopa.

Pamoja na hayo, aliweka kanuni moja ambayo kila mlezi angepaswa kuijua. Aliwakataza mapadri wake kuwabatiza watoto wale kwa sababu tu ya kuwalisha. Isipokuwa katika hatari ya kufa, mtoto angojewe mpaka awe na umri wa kuchagua, aombe mwenyewe kwa hiari yake. Wengine waliomba, wengine hawakuomba. Walipokuwa wakubwa wengi waliondoka wakarudi kwa watu wao. Wako waliosema kwamba fedha ile imepotea bure. Sisi hatusemi hivyo. Mtoto aliyekuwa afe mwaka 1868 na akafa mzee, akiwa na wajukuu, hakuwa hasara, hata kama hakurudi kutoa shukrani.

Mwaka 1870 Ufaransa ikapigana na Waprusi, ikashindwa. Sadaka zikakauka ghafula, na madeni yakasimama mlangoni. Hapo Lavigerie alionyesha upande wake mwingine, ule wa mkulima. Alinunua ardhi mbaya huko Maison-Carrée, mashariki mwa Algiers, na mapadri, mabruda na mayatima wakaifyeka, wakaondoa mawe, wakapanda mizabibu na nafaka. Asubuhi masomo, mchana jembe, au kinyume chake. Shule zetu za zamani za misioni zilifuata desturi hiyo, na wazee wetu wengine hawaikumbuki kwa furaha. Kweli yapo mahali ambapo jembe lilikula saa za kitabu. Lakini shamba la shule, likilimwa kwa kiasi na mavuno yake yakiingia katika sufuria ya wanafunzi wenyewe, limekomesha njaa mahali pengi ambapo michango imechelewa.

Mayatima walipofikia umri wa kuoa, Askofu aliwajengea vijiji katika bonde la Chélif: Mtakatifu Sipriani tangu mwaka 1872, kisha Mtakatifu Monika. Kila jamaa mpya walipewa nyumba na shamba. Lakini vijiji vilikuwa kama visiwa, na wenyeji wake hawakuwa Wafaransa, wala jamaa zao wa zamani hawakuwahesabu kuwa wao. Lavigerie aliliona kosa hilo polepole. Baadaye alipowatuma wamisionari wake kwetu, aliwaagiza waseme lugha ya watu na kula chakula chao, na wawalee watoto wakae Waafrika katika lugha, mavazi na makao, wasigeuzwe kuwa Wazungu weusi.

Mwaka 1878 Papa Leo wa Kumi na Tatu alilikabidhi shirika lake nchi za maziwa makuu. Msafara wa kwanza ulitoka Bagamoyo mwaka ule ule. Padri Pascal alikufa njiani katika Ugogo. Wenzake waliopewa Tanganyika wakiongozwa na Padri Deniaud walifika Ujiji mnamo Januari 1879. Ujiji ulikuwa soko kubwa la watumwa. Watoto kutoka ng'ambo ya ziwa waliuzwa pale kwa nguo na ushanga, nao mapadri wakawakomboa baadhi yao kwa sadaka zilizotoka Ulaya, wakawalisha na kuwafundisha. Palikuwa na hatari katika njia hiyo, maana anunuaye, hata kwa nia njema, aweza kumpa muuzaji hamu ya kuleta wengine. Lakini mtoto aliyesimama mbele yao na kamba shingoni hakuweza kungojea hoja zimalizike.

Mapadri wakahamia Rumonge, pwani ya Burundi, siku chache tu toka milima yetu ya Manyovu kwa miguu ya wazee. Na huko lile swali la pili likarudi. Walikuwa wamemweka kwao mtoto mmoja, na watu wa ukoo wa Wabikari wakamdai. Mapadri wakakataa kumtoa. Tarehe 4 Mei 1881 Wabikari wakawashambulia, wakamwua Padri Deniaud, Padri Augier, na msaidizi wao D'Hoop, aliyewahi kuwa askari wa Papa. Misioni ikaachwa. Tumezoea kuwataja hawa kuwa mashahidi wa kwanza wa ziwa, nasi twawaheshimu. Lakini twaona ni haki pia kusema kwamba wale waliowaua walikuja kudai mtoto waliyemwita wao, na kwamba pande zote mbili ziliamini kuwa zamtetea mtoto. Kama palikuwa na mzee wa kukaa kati na kusikiliza, hakusikiwa. Hata leo walimu na viongozi wa vigango hufanya vema, kabla ya kumhamisha mtoto maskini kumpeleka bweni au kwa mfadhili, kukaa kwanza na ukoo wake, hata kama ukoo huo hauna unga wa siku mbili.

Lavigerie alipokea habari za vifo vile akiwa katika kazi nyingine. Mwaka huo huo 1881 alikuwa amefungua katika kisiwa cha Malta chuo cha vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, wasomee utabibu. Sababu yake ya kuchagua utabibu yapendeza. Hakutaka mtoto aliyesomeshwa kwa sadaka aendelee kuishi kwa sadaka, akiwa chini ya mkono wa padri maisha yake yote. Alitaka awe na kazi itakayompa chakula chake na heshima yake, tena kazi ambayo watu wake wenyewe wataihitaji. Wanafunzi wote hawakufaulu, na chuo hakikudumu miaka mingi. Lakini mmoja wao twamjua sote.

Adrian Atiman alizaliwa katika nchi ya mto Niger, karibu na Timbuktu. Alitekwa akiwa mtoto mdogo akavushwa jangwa, na mapadri wakamkomboa huko Metlili, kusini mwa Aljeria. Akasomeshwa kwa fedha za watu ambao hakuwaona kamwe, hata akahitimu Malta. Mwaka 1888 alifunga safari ya kuja kwetu, na mwaka 1889 akafika Karema, upande wa kusini wa ziwa letu. Hakuondoka tena. Alitibu ndui, vidonda, homa na mifupa iliyovunjika, alichunguza dawa za miti za wenyeji akazitumia pamoja na zake, akafundisha dini, akaoa huko, na mwanawe Yosefu akawa padri mwaka 1923. Angaliweza kwenda mjini akatajirika, maana waganga wenye elimu kama yake walikuwa haba. Hakuna aliyemfunga. Chuo kilichomlisha hakikuwapo tena, na yule aliyekianzisha alikuwa amekufa zamani. Atiman alibaki kwa sababu wagonjwa walikuwa wanangoja asubuhi.

Yaliyobaki ya maisha ya Lavigerie yajulikana zaidi, nasi tutayapitia upesi. Mwaka 1882 alifanywa Kardinali, na mwaka 1884 Askofu Mkuu wa Carthage, huku akibaki na Algiers. Mwaka 1888, akiwa na miaka 62 na mwili umejaa maumivu, alikwenda Paris, London na Brussels kuwaeleza watu wa Ulaya habari za biashara ya watumwa katika Afrika, akizitumia barua za mapadri wa Ujiji, Karema na Kibanga. Mkutano wa mataifa ukafanyika Brussels, na mkataba ukatiwa sahihi mwaka 1890. Wako waliosema baadaye kwamba serikali za Ulaya zilifanya vita na utumwa kuwa sababu ya kujitwalia nchi zetu, na hilo halikanushiki. Katika safari zile alikuwa bado na mfuko wa kuomba mkononi. Yule mzee aliyeheshimiwa na wafalme alimaliza kama alivyoanza, akisimama mbele ya watu na kuwaomba fedha kwa ajili ya watoto wasiowajua.

Alikufa Algiers tarehe 26 Novemba 1892, akiwa na umri wa miaka 67. Alizikwa katika kanisa kuu alilolijenga Carthage. Mwaka 1964 mabaki yake yakahamishwa Roma, katika nyumba kuu ya shirika lake.

Siku ile alipozikwa, Atiman alikuwa Karema mwaka wake wa nne, kijana bado. Aliendelea na kazi miaka 64 mingine. Alikufa mwaka 1956 akiwa na umri wa miaka tisini hivi, akazikwa Karema, katikati ya watu aliowazalisha, aliowachanja, na aliowafundisha kusoma.